Seva ya Imeji kwa Maabara ya Kompyuta Tanga: Piga Windows Mara Moja, Mwaga Mashine Zote

Fundi anayepiga Windows kwa flashi, kompyuta moja baada ya nyingine, humaliza saa mbili hadi tatu kwa kila mashine akihesabu draiva, Office, masasisho na printa. Kwenye maabara ya kompyuta 20 hiyo ni wiki nzima ya kazi, na mwisho wake hakuna mashine mbili zinazofanana. Hii ina Office ya toleo jingine, ile saa yake iko nyuma, na ya tatu haioni printa. Zikianza kusumbua, kila moja inasumbua kivyake.

Dawa ni kuandaa kompyuta moja vizuri, kuinasa yote kama imeji, yaani nakala kamili ya diski yake, kuihifadhi imeji hiyo kwenye seva, kisha kuimwaga kwa mashine zote kupitia waya wa netiweki. Mashine ikiharibika hutafuti tatizo kwa siku mbili. Unaimwagia upya, na baada ya muda wa kunywa kahawa mwanafunzi amerudi kitini. Hapa tunatumia FOG, programu huria isiyo na malipo inayokaa juu ya Linux. Clonezilla ya flashi, programu nyingine ya kunakili diski, inatosha kama una kompyuta tatu au nne. Kuanzia kumi kwenda juu, FOG inalipa.

Seva yenyewe inasimama ndani ya nusu siku. Kazi kubwa iko kwenye waya na kwenye kompyuta mama, yaani ile moja inayoandaliwa na kunaswa, na hapo ndipo watu wengi huharakisha.

Vifaa

Huhitaji seva ya kifahari. Kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Core i5 ya kizazi cha nne au zaidi, RAM ya GB 8 na kadi ya netiweki ya gigabiti inatosha kabisa, kwa sababu kazi ya kufungua imeji iliyobanwa inafanywa na mashine inayomwagiwa. Seva inasoma diski na kusukuma data tu. Weka diski mbili: SSD ndogo ya GB 120 au 240 kwa mfumo, na diski ya TB 1 kwa imeji. Ongeza:

- swichi ya gigabiti yenye milango 24 (16 kama maabara ni ndogo);
- kebo za Cat5e au Cat6 za shaba halisi;
- UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) moja ya kubeba seva, swichi na kompyuta mama;
- diski ya nje ya TB 1 au 2 kwa nakala ya akiba;
- betri za CR2032, nyingi kama zilivyo kompyuta zako.

Betri hizo si mapambo. Kwenye mashine za mtumba betri ya ubao mama mara nyingi imekufa. Umeme ukikatika na plagi ikachomolewa, BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Baadhi ya Dell, kwa mfano, hurudi kwenye RAID wakati Windows yako ilipigwa kwenye AHCI, ambazo ni njia mbili tofauti za kuongea na diski. Asubuhi kompyuta inaleta skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, fundi anadhani Windows imekufa, anaipiga upya bure. Badilisha betri zote kabla hujagusa kitu kingine.

Waya na hewa ya bahari

Maabara zilizo karibu na maji, kuanzia Raskazone hadi Chumbageni, zina adui ambaye fundi wa Dodoma hamjui: chumvi. Upepo unaingia madirishani, unyevu wake unatua kwenye pini za plagi za RJ45 na kwenye meno ya RAM, na baada ya muda unaona ukijani au weusi. Kebo haikatiki, inadhoofika, na mtu akifungua tovuti haoni tofauti.

Tofauti unaiona siku ya kumwaga imeji. Gigabiti inatumia jozi zote nne za waya ndani ya kebo. Megabiti 100 zinahitaji jozi mbili tu. Pini moja ya zile jozi mbili nyingine ikishika kutu, mashine na swichi zinakubaliana kushuka hadi 100 bila kukuambia. Piga hesabu kwa imeji ya GB 16 iliyokwisha kubanwa. Kwa gigabiti, ambayo kivitendo ni kama MB 110 kwa sekunde, inapita ndani ya dakika mbili na nusu. Kwa 100, yaani kama MB 11 kwa sekunde, inachukua dakika 24. Kebo mbovu ikiwa ni ya seva yenyewe, kompyuta 20 zitakula saa nane.

Kwa hiyo kagua kabla. Kwenye seva andika:

`sudo ethtool enp3s0 | grep Speed`

(badilisha `enp3s0` kwa jina la kadi yako, unalipata kwa `ip a`). Jibu liwe `1000Mb/s`. Kwenye kompyuta za maabara angalia taa za swichi. Swichi nyingi zina rangi moja kwa 1000 na nyingine kwa 100, na maelezo yameandikwa usoni. Plagi iliyoshika kutu usiihangaikie kuisafisha, ikate ukrimpu mpya. Meno ya RAM yasugue kwa kifutio cheupe cha penseli kisha uyafute kwa spiriti ya isopropili, uyaache yakauke. Na ukinunua boksi la kebo, ikwangue kidogo: ikitoa weupe ndani ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha dukani.

Kusimamisha seva

Piga Debian 12 bila mazingira ya picha, mfumo ukiwa kwenye SSD. Diski kubwa ifomati kwa ext4 na uiweke kwenye `/images` wakati wa kupiga, maana kuihamisha baadaye ni usumbufu. Kisha ipe seva anwani isiyobadilika. Ndani ya `/etc/network/interfaces`:

```
auto enp3s0
iface enp3s0 inet static
    address 192.168.50.2/24
    gateway 192.168.50.1
```

Hakikisha anwani hii hutaibadilisha. FOG huiandika sehemu nyingi: kwenye `/opt/fog/.fogsettings`, kwenye hifadhidata, kwenye mpangilio wa nodi ya kuhifadhia na kwenye faili za kuwashia. Ukibadilisha moja ukasahau nyingine, mashine zitawaka hadi nusu ya njia na kugoma.

Sasa seva iwe na intaneti, hata ya bando la simu, kwa muda wa usakinishaji tu:

```
sudo apt update && sudo apt install git
git clone https://github.com/FOGProject/fogproject.git
cd fogproject/bin
sudo ./installfog.sh
```

Kisakinishi kitakuuliza maswali machache. Aina ya usakinishaji chagua N, yaani ya kawaida. Kadi ya netiweki hakikisha ni ile ya maabara. Seva yenye kadi mbili hukosewa hapa. Swali la DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani za netiweki, lina sehemu yake hapa chini, lisome kabla hujajibu. Karibu na mwisho kazi inasimama na kukutaka ufungue kivinjari kwenye kompyuta nyingine, `http://192.168.50.2/fog/management`, ubonyeze kitufe cha kusakinisha hifadhidata, kisha urudi kubonyeza Enter. Usibonyeze Enter kabla ya kivinjari kusema kimemaliza.

Ingia kwa jina `fog` na nenosiri `password`, na kitu cha kwanza badilisha nenosiri hilo. Ukurasa huu unaweza kufuta diski za maabara nzima kwa mibonyezo miwili, kwa hiyo usiufungulie njia ya kutoka nje ya maabara, wala usiuweke kwenye intaneti kwa sababu yoyote ile.

Nani agawe anwani?

Kompyuta inayowaka kupitia netiweki inauliza mambo mawili: nipe anwani, na nionyeshe faili ya kuwashia iko wapi. Ruta ya kawaida inajibu la kwanza tu. Una njia tatu.

Ya kwanza, na tunaipendelea kwa maabara, ni kuitenga maabara kwenye netiweki yake na kuiacha FOG igawe anwani. Jibu Y kwenye swali la DHCP. Faida yake ni kwamba FOG inajua yenyewe kutofautisha mashine za BIOS ya zamani na za UEFI, mrithi wake wa kisasa, na kuzipa kila moja faili inayoifaa.

Ya pili: kama ruta yako inakubali mipangilio ya DHCP namba 66 na 67, andika kwenye 66 anwani ya seva, na kwenye 67 `undionly.kpxe` kwa BIOS ya zamani au `ipxe.efi` kwa UEFI. Ubaya wake, ruta nyingi zinakubali jina moja tu, kwa hiyo maabara mchanganyiko itakushinda.

Ya tatu ni ya maabara iliyounganishwa na netiweki ya ofisi ambayo huruhusiwi kuigusa. Jibu N kwenye DHCP, kisha weka dnsmasq kama msaidizi asiyegawa anwani bali anayeelekeza faili tu. Sakinisha kwa `sudo apt install dnsmasq`, tengeneza `/etc/dnsmasq.d/fog.conf`:

```
port=0
log-dhcp
tftp-root=/tftpboot
dhcp-no-override
pxe-prompt="FOG",1
pxe-service=X86PC,"FOG BIOS",undionly.kpxe
pxe-service=BC_EFI,"FOG UEFI",ipxe.efi
pxe-service=X86-64_EFI,"FOG UEFI",ipxe.efi
dhcp-range=192.168.50.2,proxy
```

Kisha `sudo systemctl restart dnsmasq`.

Kosa kubwa kuliko yote hapa ni kuwa na wagawaji wawili wa anwani kwenye waya mmoja. Ofisi ya uhasibu itaamka haina intaneti, na lawama zitakuja kwako, tena kwa haki.

BIOS za kompyuta za maabara

Kwenye kila mashine: washa kuanza kupitia netiweki (PXE) na uiweke mbele ya diski, zima Secure Boot, diski iwe AHCI, isiwe RAID, washa Wake-on-LAN (kuamshwa kupitia netiweki), na kwa Dell zima Deep Sleep la sivyo haitaamka. Kama mashine zinakubali UEFI, zote ziwe UEFI. Imeji iliyonaswa kwenye UEFI haitawaka kwenye mashine ya BIOS ya zamani, wala kinyume chake. Bandika stika yenye jina la mashine mbele ya kasha, mfano TGA-M1-07, maana jina hilohilo ndilo utakaloliandika kwenye FOG.

Mashine iwake mara ya kwanza kupitia netiweki, menyu ya FOG itatokea, chagua "Perform Full Host Registration and Inventory" na uandike jina la kwenye stika.

Kompyuta mama

Usiitumie kompyuta ya mwalimu "kwa sababu ina kila kitu". Ina kila kitu kweli, pamoja na nywila zake, picha zake na virusi vyake, na vyote hivyo vitanakiliwa mara ishirini.

Njia safi ni kuitengeneza kompyuta mama ndani ya VirtualBox kwenye kompyuta yenye nguvu kidogo: diski ya GB 64, EFI imewashwa, kadi ya netiweki iwe ya daraja ili iione seva. Faida ni kwamba unaweza kupiga picha ya hali yake kabla ya kila hatua na kurudi nyuma ukikosea. Pia haibebi draiva za mashine fulani.

Amua kwanza mfumo. Windows 10 ilimaliza muda wake wa masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, kizazi cha nane kwenda mbele. Kompyuta nyingi za mtumba zilizoko madukani Ngamiani hazifiki hapo. Ushauri wetu: imeji mbili. Windows 11 kwa mashine zinazostahili, na Linux Mint kwa mashine kongwe. Kuilazimisha Windows 11 kwenye kizazi cha nne kunawezekana, lakini utakuwa umejenga maabara juu ya kitu ambacho sasisho moja linaweza kukigomea.

Na leseni. Windows inayokuja na mashine haikupi ruhusa ya kuinakili kwa imeji. Ruhusa hiyo inatokana na leseni ya jumla. Windows iliyochakachuliwa ndani ya imeji inageuza kosa moja kuwa ishirini, na vile viprogramu vya kuichakachulia ndivyo mlango wa virusi.

Hatua za Windows ziwe hivi, kwa mpangilio huu:

1. Piga Windows bila intaneti. Inapofika skrini ya kuchagua nchi bonyeza Ctrl+Shift+F3. Mashine itaingia hali ya ukaguzi, ambamo hakuna mtumiaji anayeundwa.

2. Sakinisha Office, kivinjari, kisoma PDF, printa. Saa iwe "E. Africa Standard Time". Ukihitaji masasisho, yapakue kama faili na uyaweke kwa flashi. Ukiiachia intaneti, duka la Microsoft litaanza kusasisha programu zake kwa mtumiaji mmoja tu, na hapo hatua ya 6 itagoma.

3. Zima usimbaji wa diski. Angalia kwa `manage-bde -status C:`, na ukikuta umewaka, `manage-bde -off C:` na usubiri hadi asilimia zifike sifuri. Windows 11 inaweza kuuwasha yenyewe baadaye, kwa hiyo kwenye rejista, chini ya `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\BitLocker`, tengeneza DWORD `PreventDeviceEncryption` yenye thamani 1. Diski iliyosimbwa FOG haiwezi kuipunguza.

4. Andika `powercfg /h off`. Bila hivyo Windows haizimiki kabisa, inalala huku imeshikilia diski, na FOG inakataa kuinasa.

5. Sakinisha mteja wa FOG, anayeipa kila mashine jina lake baada ya kumwagwa. Mzime kwa muda: `sc config FOGService start= disabled`. Nafasi baada ya alama ya sawasawa ni ya lazima. Kisha tengeneza `C:\Windows\Setup\Scripts\SetupComplete.cmd` yenye mistari miwili:

```
sc config FOGService start= auto
shutdown -r -t 5
```

Ukisahau kumzima, ataiwasha upya mashine katikati ya maandalizi na Windows itabaki ikizunguka. Jua pia kwamba faili hii hairukwi kwenye leseni ya jumla, lakini kwenye ufunguo wa Windows iliyokuja na mashine kwa kawaida inarukwa.

6. Piga picha ya hali ndani ya VirtualBox, kisha endesha Sysprep, inayoiondolea Windows utambulisho wa mashine hii ili iweze kunakiliwa:

`C:\Windows\System32\Sysprep\sysprep.exe /generalize /oobe /shutdown`

Ukiwa na faili ya majibu ongeza `/unattend:` na njia yake, ili usikae kubonyeza maswali yaleyale mara ishirini. Ikigoma na kusema haikuweza kuthibitisha usakinishaji, fungua `C:\Windows\System32\Sysprep\Panther\setupact.log` na usome mistari ya mwisho. Karibu kila mara kuna jina la programu ya duka iliyosakinishwa kwa mtumiaji mmoja. Iondoe kwa `Remove-AppxPackage` na ujaribu tena.

Mashine ikishazima, usiiwashe kwa diski yake. Ikiwaka hata mara moja, kazi ya sysprep imekwisha na unarudi kwenye picha ya hali.

Linux Mint ni nyepesi zaidi. Piga kwa ext4 ya kawaida bila LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski), kwa sababu LVM FOG haiwezi kuibadilisha ukubwa. Sakinisha programu, kisha kabla ya kuzima andika `sudo truncate -s 0 /etc/machine-id`, la sivyo mashine zote zitajitambulisha kwa kitambulisho kimoja na zinaweza kugombania anwani.

Kunasa

Kwenye FOG tengeneza imeji mpya. Jina lieleze: `win11-maabara-2026-01`. Aina iwe "Single Disk - Resizable", ili diski ya GB 64 iweze kumwagwa kwenye ya GB 128 au 500. Mbano uwe Partclone Zstd, kiwango cha 11. Juu ya hapo unapoteza muda kwa faida ndogo. Ihusishe na kompyuta mama, agiza "Capture", kisha iwashe mama kupitia netiweki.

Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Kwa aina hii ya imeji FOG kwanza inaipunguza sehemu ya diski ya mama, inainasa, halafu inairudisha ukubwa wake. Umeme ukikatika katikati, imeji inakosekana na mama naye anabaki na diski iliyosinyaa. Ndiyo maana UPS lazima ibebe kompyuta mama pia. Ikishatokea, rudi kwenye picha ya hali. Kama mama ni mashine halisi, panua sehemu ya C: kwa Disk Management na uanze upya.

Imeji ikinaswa inakaa kwanza `/images/dev`, ndani ya folda yenye jina la anwani ya MAC (namba ya kadi ya netiweki ya mama), na mwisho inahamishwa kwa FTP hadi `/images`. Ikifika asilimia 100 halafu ikaleta kosa la FTP, data yako ipo salama pale `dev`. Tatizo ni nenosiri la mtumiaji wa Linux `fogproject` kutofautiana na lililoandikwa kwenye nodi ya kuhifadhia, mara nyingi kwa sababu mtu alilibadilisha kwa mkono. Nenosiri sahihi liko ndani ya `/opt/fog/.fogsettings`. Lilinganishe, kisha nasa tena. Kumbuka pia kwamba ukirudia kunasa, imeji ya zamani haifutwi hadi mpya imalizike, kwa hiyo diski iwe na nafasi ya zote mbili.

Kumwaga

Anza na mashine moja. Ikiwaka, ikajipa jina na ikafungua Office, jaribu tatu. Ndipo maabara nzima.

Kwa mashine nyingi kwa pamoja ziweke kwenye kundi na uagize "Multi-Cast": seva inatuma data mara moja, wote wanadaka. Mashine zinasubiriana hadi zote zijiunge, au hadi muda wa kusubiri uliowekwa kwenye mipangilio uishe. Mwendo wa wote ni mwendo wa aliye nyuma kabisa. Diski moja inayokufa, au kebo moja iliyoshuka hadi 100, inawachelewesha 19 wengine. Ukiona kasi iko chini, itafute hiyo moja na uitoe. Chomoa pia kifaa cha Wi-Fi kilichounganishwa kwenye swichi hiyo, maana swichi za bei nafuu zinamwaga mkondo wote hadi huko, na Wi-Fi inazama.

Kazi ya namna hii ifanye asubuhi mapema. Kipindi cha kaskazi, chumba kisicho na kiyoyozi kikiwa na kompyuta 20 zinazoandika diski kwa pamoja kinapata joto la tanuri, na SSD za bei nafuu hupunguza mwendo zikichemka.

Inapogoma

Soma kilichoandikwa kwenye skrini, kila ujumbe una maana yake:

- PXE-E61: kebo haijashika, au swichi imezimwa.
- PXE-E51: hakuna aliyetoa anwani. DHCP imelala, au swichi ya kisasa inachelewesha mlango kwa sekunde kama 30 kwa sababu ya itifaki ya STP, inayozuia waya kuzunguka mduara. Washa "portfast" kwenye milango ya kompyuta.
- PXE-E53: anwani imepatikana ila jina la faili halikuja. Angalia mpangilio wa 67, au dnsmasq.
- PXE-E32: jina limekuja, faili haipakuliki. Huduma ya TFTP, inayotuma faili za kuwashia, imezimwa kwenye seva, au ukuta wa moto umeziba mlango wa 69.

Mashine ikifika kwenye FOG lakini ikasema haioni diski, ni RAID kwenye BIOS. Ikimwagwa vizuri halafu ikaganda pale menyu inapoikabidhi kwa diski, ingia FOG Configuration, mipangilio ya kuwasha, ubadilishe aina ya kutokea kwa EFI kati ya rEFInd na Exit, ujaribu ipi inaikubali.

Uokoaji

Kumwaga imeji kunafuta diski yote. Kabla ya kubonyeza, muulize mwenye mashine ana nini ndani yake, na usiamini jibu la "hakuna kitu". Washa kwa flashi ya Linux, nakili Desktop, Documents na Downloads, ndipo umwage. Bora zaidi wazoeze wanafunzi kuhifadhi kazi kwenye folda ya seva ya faili, mashine iwe kitu cha kufutwa wakati wowote.

Mashine inayorudi kwako mara ya pili ndani ya mwezi usiimwagie tena. Kwenye kazi za ziada za FOG kuna "Disk Surface Test" na "Memtest86+", ziendeshe kwanza. Imeji haitibu diski inayokufa.

Seva nayo inakufa. Kila baada ya kunasa imeji mpya, chomeka diski ya nje na uandike:

`sudo rsync -a --delete /images/ /mnt/akiba/images/`

Kisha kwenye FOG Configuration toa nakala ya hifadhidata, na unakili `/opt/fog/.fogsettings`. Diski hiyo isilale maabara. Ilale ofisi nyingine, kabatini, ndani ya mfuko uliofungwa wenye vipakiti vya kukausha unyevu. Weka na flashi ya Clonezilla pamoja nayo, yenye nakala ya SSD ya seva.

Kila muhula chagua kompyuta moja bila kupanga na uimwagie mwanzo hadi mwisho ukitazama saa. Mwachie kazi hiyo mtu asiye wewe, akiwa na karatasi ya maelekezo tu mkononi. Pale atakapokwama, karatasi ndiyo yenye kasoro. Irekebishe siku hiyohiyo.

Seva ya begi

Kwa shule za Pangani, Muheza au Korogwe, ambako unakwenda na kurudi, FOG inakaa vizuri kwenye laptopu yenye mlango wa waya, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 500. Betri yake inaibeba yenyewe umeme ukikatika, ila swichi haina betri, kwa hiyo beba na UPS ndogo. Ongeza swichi ya gigabiti ya milango 8 na kebo tisa fupi za kwako, usitegemee za mwenyeji. Wi-Fi haifai: kuwasha kupitia netiweki kunataka waya.

Kwenye begi hilo DHCP ya FOG huwa imewashwa. Ukifika, chomeka kompyuta saba kwenye swichi yako tu, umalize, uendelee na saba nyingine. Usiiunganishe swichi hiyo na ukuta wa shule hata kama mwalimu anaomba intaneti "kidogo tu", mpaka uwe umeandika `sudo systemctl stop isc-dhcp-server`.